Tumeshiba, Mheshimiwa

Kuna nchi moja sitaitaja, kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa wakiwa mezani, na wao wako mezani muda wote. Ukitaka kuijua, itazame bendera yake: kijiko kimelala juu ya sahani nyeupe, na sahani haina kitu. Wataalamu wa Ikulu wanasema ule weupe ni amani.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Shibe. Wizara nyingine zilihangaika na vitu vidogo vidogo kama barabara na dawa, lakini Wizara ya Shibe ndiyo iliyoleta sifa. Kila mwaka ilitangaza kwamba wananchi walioshiba ni tisini na tisa nukta saba kwa mia. Ile nukta tatu iliyobaki ilikuwa watoto wachanga, ambao bado hawajafundishwa adabu.

Takwimu zilipatikana hivi. Karani wa Wizara alipiga hodi kwa watu saa ya chakula. Sasa, desturi ya kule ni kwamba ukikutwa unakula, hata kama ni kipande cha muhogo na chumvi, lazima useme, "Karibu." Na aliyekaribishwa lazima ajibu, "Ahsante, nimeshiba," hata kama utumbo wake mkubwa umeanza kuutafuna mdogo. Ndiyo malezi. Karani akishajibu kwamba ameshiba, alitoa karatasi, akauliza, "Na nyinyi je, mmeshiba?" Hapo baba mwenye nyumba, aliyefundishwa na mama yake kwamba njaa ni kitu cha ndani kama chupi, hakionyeshwi mgeni, alijibu, "Tumeshiba, tunashukuru." Karani akaweka tiki.

Nchi nzima ikashiba kwa tiki.

*

Bi Zawena alikuwa mama lishe. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya Hoteli Kilele cha Fahari, pale ukuta wa jiko la hoteli unapokutana na mfereji wa maji machafu. Hoteli ilikuwa na ghorofa tisa, na mgahawa wake ulikuwa juu kabisa, karibu na mbingu, kusudi walaji wakizimia kwa njaa wasiwe na safari ndefu. Kibanda kilikuwa na mabati manne na mabenchi mawili. Humo Bi Zawena alipika maharage ya nazi, chapati za kuchambuka, na Ijumaa pilau ambalo harufu yake ilishawahi kumrudisha nyumbani mume aliyekuwa ametoroka. Hakuwa mume wake, lakini alirudi.

Waliokula pale ni makuli wa sokoni, washonaji, na Mzee Mtulia, fundi baiskeli wa jirani, mwenye ulimi mkali kuliko bisibisi zake. Walikula pia wapishi wa hoteli wenyewe, wakiwa wamevua zile kofia zao ndefu na kuzikalia. Na kila siku saa saba kamili alikuja dereva mmoja mwenye miwani nyeusi, jina lake Chande, amebeba hotipoti lenye maua ya waridi.

"Ile ya bosi, mama. Na ukoko usisahau."

"Huyo bosi wako ni nani, mbona ana meno ya mtoto wa shule?"

"Mama, mimi naendesha gari tu," alijibu Chande. "Ila anasema ukoko wa hoteli hii hauna mfano duniani."

"Wa hoteli?"

"Hajawahi kuuliza. Na mimi sijawahi kulonga."

Bi Zawena alicheka, akakwangua sufuria. Mtu anayependa ukoko, alisema, hawezi kuwa mbaya moja kwa moja.

Siku ya Jumanne alikuja mtu mwingine, mkononi ana kopo la rangi nyekundu na brashi. Huyo alikuwa Bwana Kandoro, Afisa Shibe wa Kata, mtu mwenye kitambi cha kazini na sauti ya mgeni rasmi. Hakusalimia. Alichora X kubwa kwenye bati la mbele, akarudi hatua mbili kuitazama kama mchoraji, akairekebisha mkia.

"Mama, hongera."

"Za nini tena?"

"Umepata X. Ijumaa unabomolewa."

Bi Zawena aliweka mwiko chini. Kibanda kile ndicho kilichomsomeshea binti zake wawili. Ndani yake ndimo alimomzalia wa pili, kati ya chapati ya kumi na ya kumi na moja, na wateja hawakugundua mpaka chai ilipochelewa.

"Kosa langu nini, baba?"

"Moshi. Unapanda mpaka ghorofa ya tisa, unaingia kwenye pua za walaji wa kimataifa. Mtu amevaa tai, amekaa, amejiandaa kisaikolojia kutokula, mara ananusa nazi! Ile ni hujuma."

"Kwani huko juu hawali?"

Kandoro alikohoa kikohozi cha serikali. Kisha akakaa kwenye benchi, akavuta bakuli la Mzee Mtulia, akaonja maharage kijiko kimoja, cha pili, cha tatu, kwa uchunguzi. Mzee Mtulia alimtazama tu, maana bakuli likishafika kwa afisa huwa ni ushahidi.

"Ila kuna njia," Kandoro alisema akijipangusa. "Alhamisi anakuja Mtoa Nyota kutoka ng'ambo, kuangalia kama hoteli yetu inastahili nyota ya tano. Tatizo ni kwamba nyota ya tano tumeshaitangaza, tumeshaichora kwenye paa, na Rais ameshaifungua rasmi. Kinachokosekana ni walaji tu. Mgahawa hauna watu. Kwa hiyo Wizara inateua Walaji wa Taifa arobaini. Wewe utakuwa namba saba. Utakula, Mheshimiwa Waziri atakuuliza swali mbele ya redio, utajibu neno moja, na X inafutwa."

"Neno gani?"

"Nimeshiba."

Bi Zawena alicheka mpaka akashika mbavu. "Hilo tu? Hilo mbona nalisema bure tangu nina miaka mitatu!"

*

Walaji wa Taifa walipewa mafunzo ya siku nzima. Walifundishwa kushika uma bila kuuelekeza kwa kiongozi. Walifundishwa kicheko cha wastani. Walipewa na nguo: gauni la Bi Zawena lilikuwa la rangi ya zambarau, na shingoni kwa nyuma limepigwa mhuri MALI YA WIZARA. Suti ya Mzee Mtulia, namba nane, ilikuwa imeshonewa watu wawili. Alipogeuka, yenyewe ilibaki inatazama mbele.

Walipanda ghorofa ya tisa kwa miguu, lifti ilikuwa imewekwa akiba kwa ajili ya nyota. Kila meza ilikuwa na kitambaa cheupe, maua, uma saba na kipaza sauti cha redio. Uma saba! Mzee Mtulia alizihesabu mara mbili.

"Binti yangu Zawena, hapa tunakula au tunafungua injini?"

Mhudumu aliyekuja mezani kwao aliitwa Hiza. Kila siku alikula kwa Bi Zawena, na bado alikuwa na doa la maharage kwenye mkono wa shati. Lakini sasa alimtazama kama hajawahi kumwona, akainama.

"Karibu sana, madamu." Kisha, midomo ikiwa haisogei: "Mama, maharage leo yapo?"

"Mimi niko hapa, nani apike?"

"Basi tumekwisha," alinong'ona Hiza, akawapa orodha ya vyakula.

Orodha ilikuwa na ngozi ya mamba nje na karatasi moja ndani. Iliandikwa kwa mwandiko wa kupindapinda: Ahadi ya Kuku. Tetesi za Mbuzi. Kumbukumbu ya Samaki Juu ya Uwanda wa Sahani. Mzee Mtulia aliomba Ahadi ya Kuku, kwa kuwa alikuwa mpiga kura wa siku nyingi. Bi Zawena akaagiza Kumbukumbu ya Samaki.

Hapa inabidi nieleze Sheria ya Uonjaji, maana bila hiyo mgeni anaweza kudhani wale watu walikuwa wendawazimu, kumbe walikuwa na utaratibu. Zamani Rais mmoja alivunja jino kwa kokoto kwenye wali. Tangu siku hiyo ikapitishwa kwamba chakula chochote cha hoteli, au cha kiongozi, kisiliwe kabla hakijaonjwa na ngazi nne za serikali. Mwonjaji wa Kata anaonja chumvi. Wa Wilaya anaonja pilipili. Wa Mkoa anaonja kama nyama ni nyama. Na Mwonjaji wa Taifa anaonja kilichobaki, kwa maslahi ya taifa. Na kwa kuwa sampuli ndogo hupotosha sayansi, wote wanne waliagizwa waonje kwa kina.

Waonjaji walikaa kwenye ukumbi wa kioo, kati ya jiko na mgahawa, ili kazi yao iwe ya uwazi. Kwa hiyo Bi Zawena alimwona samaki wake akitoka jikoni, changu mzima, amekaangwa, mkia umepinda, anang'aa kama amepakwa mafuta ya harusi. Hata yeye mwenye kazi yake alimpa heshima. Samaki akafika kwa wa Kata, akapoteza mkia. Kwa wa Wilaya akapoteza ubavu mmoja, na wa pili ukaitwa kutoa ushahidi. Wa Mkoa alikula kichwa, akafumba macho, akatikisa kidole kwamba bado hana hakika, akarudia. Mwonjaji wa Taifa, mtu mkubwa aliyekuwa akibebwa na kiti chake, alilamba mwiba mmoja mmoja na kuupanga pembeni kama faili.

Sahani ikafika mezani kwa Bi Zawena. Ilikuwa kubwa kama sinia la maulidi. Katikati kulikuwa na alama ya mafuta, na juu yake jani moja la giligilani, ambalo ngazi zote nne zilikuwa zimelikataa.

"Hii ndiyo Kumbukumbu," alisema Hiza kwa huzuni.

Na msidhani serikali ililipanga jani lile. Miaka michache nyuma mgeni mmoja tajiri aliletewa sahani kama hiyo. Akaitazama kwa muda mrefu. Watumishi wakajiandaa kukimbia. Lakini mgeni alitoa chozi, akasema hajawahi kuona chakula chenye ujasiri wa kutokuwepo. Wizara ikachapisha maneno yale kwenye kalenda, na tangu hapo mtu aliyelalamika njaa hotelini akaitwa mshamba.

*

Mheshimiwa Waziri wa Shibe, Dakta Mhandisi Ngongoseke, aliingia na msafara wa watu kumi na tisa, mmoja wao kazi yake ilikuwa kubeba miwani ya kusomea. Pembeni yake alitembea Mtoa Nyota, mzungu mrefu mwembamba mwenye daftari, aliyejifunza lugha yao kwa kanda na aliyekuwa akiitumia kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto.

Mheshimiwa alihutubia. Alisema taifa limepiga hatua kutoka kula kwa mdomo kwenda kula kwa fikra. Alisema zamani tulikuwa watumwa wa tonge. Alisema kushiba ni mtazamo, na wasio na mtazamo wanafahamika na tunawafuatilia. Alihutubia muda ambao chapati mia zingeiva. Harufu ya nazi ilikuwa haipo siku hiyo, na pua arobaini ziliitafuta.

Kisha akaja mezani namba saba. Kandoro, nyuma yake, alikuwa akimkonyeza Bi Zawena kwa jicho la X.

"Mama yangu," Mheshimiwa alisema, akiinama kwenye kipaza sauti kwa upole wa redioni, "hebu waambie wananchi. Umeshiba?"

Bi Zawena alilitazama jani. Akamkumbuka mama yake, aliyekuwa akimfinya paja kwa siri akiwa ugenini. Akakumbuka bati lake la mbele. Kwani neno lina uzito gani?

"Nimeshiba, Mheshimiwa. Nashukuru."

Na hapo tumbo lake, ambalo halikuhudhuria mafunzo, likajibu.

Lilianza chini, kama gari bovu linalopanda mlima, likapanda, likageuka, likatoa mlio mrefu wenye kona tatu, na kumalizia na kijisauti chembamba kama mlango wa msalani. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Nchi nzima ilisikia.

Yule mtu wa miwani aliiangusha.

"Nani amezungumza?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ni tumbo, Mheshimiwa," Kandoro alijibu, jasho linamtoka.

"Lilipewa nafasi?"

"Halikupewa."

"Limekatiza hotuba na limepinga kauli ya mwenyewe. Lina chama hili?"

"Mheshimiwa," alisema Bi Zawena, uso umemwiva kwa aibu, "mimi mwenyewe nimeshasema nimeshiba. Hilo la ndani sijalituma."

"Linaweza kutenganishwa naye?" Mheshimiwa alimuuliza Kandoro.

Kabla Kandoro hajajibu, tumbo la Mzee Mtulia, ndani ya ile suti ya watu wawili, lilitoa mwangwi. Lile la namba kumi na mbili likapokea. La mshonaji mmoja likaingiza sauti ya pili. Mara meza zote zikawa zinanguruma, nyingine nzito nyingine nyembamba, na redio inarusha. Kandoro alifunika kipaza sauti kwa kofia. Tumbo likapita kofia.

Mtoa Nyota alisimama. Alifumba macho. Mkono wake ukaanza kupiga mdundo mezani.

"Muziki huu," aliuliza polepole, "unaitwaje?"

Waziri wa kweli huonekana hapo. Mheshimiwa Ngongoseke hakupepesa.

"Ni ngoma yetu ya asili," alisema. "Tumeihifadhi kwa gharama kubwa."

Mtoa Nyota aliandika kurasa nne. Alisifu ukubwa wa sahani, uaminifu wa jani, na wanamuziki wasiotumia chombo chochote. Nyota ya tano ilitolewa pale pale. Walaji wa Taifa walirudisha nguo, wakashuka ghorofa tisa kwa miguu. Bi Zawena alipofika chini aliwasha moto, akapika maharage kwa watu arobaini, na matumbo yote yakanyamaza.

*

Ijumaa asubuhi alikaa mbele ya kibanda akisubiri mtu mwenye kitambaa na mafuta ya taa wa kuja kufuta X. Alikuja Kandoro na tingatinga.

"Bwana Kandoro, neno si nilisema?"

"Ulisema vizuri sana, mama. Wizara inakupongeza. Ila imegundua kipaji chako. Kinaanzishwa Kikundi cha Taifa cha Matumbo, kitapiga hotelini kila wageni wakija, na kiongozi wake ni wewe."

"Sasa na kibanda?"

"Ndiyo shida yenyewe hiyo. Wasanii wote wanakula hapa. Mtu akila maharage yako, tumbo lake linanyamaza mpaka jioni. Unaharibu vyombo vya taifa, mama."

Bi Zawena alimtazama kama unavyotazama nzi kwenye maziwa.

"Kandoro, wewe mwenyewe juzi ulikula hapa bakuli la mtu."

"Nilikuwa nachunguza," alijibu Kandoro, akampungia dereva wa tingatinga.

Mabati manne hayana muda. Bi Zawena aliokoa sufuria mbili kubwa, kikaango, mwiko na mafiga matatu. Mzee Mtulia alimbebea benchi moja mpaka kwenye banda lake la baiskeli. La pili lilishakuwa kuni. Hiza na wapishi walikuwa wamesimama ukutani, kofia zao ndefu mikononi, kama watu waliokuja mazikoni wakakuta maiti ni wao.

Saa saba kamili alifika Chande na hotipoti la waridi. Aliangalia kifusi. Akavua miwani, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane.

"Mama, nitamwambia nini mzee?"

"Mzee gani?"

Chande alitazama huku na huku. "Waziri wa Shibe."

Bi Zawena alicheka, lakini safari hii hakushika mbavu.

"Mwambie ashibe kwa mtazamo."

*

Chande hakumwambia. Aliogopa, akapeleka hotipoti jiko la hoteli. Na huko, tofauti na kibandani ambako hakuna mwonjaji aliyejua, chakula cha Waziri ni chakula cha kiongozi, kwa hiyo kilipita ngazi zote nne. Mheshimiwa akafungua kifuniko, akakuta jani la giligilani. Alifikiri ni heshima, akalisifu. Jumamosi akakuta jani. Jumapili jani. Jumatatu aliingia Bungeni kusoma takwimu za mwaka, na alipofika kwenye "tisini na tisa nukta saba" tumbo lake liliunguruma ukumbi mzima. Wabunge, kwa uzalendo, walisimama kupiga makofi. Wa upande wa pili wakaomba lirudiwe. Likarudia.

Ndani ya gari alimgeukia dereva.

"Chande, siku tatu hizi hoteli wana nini? Ukoko wangu uko wapi?"

Chande alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Ukoko umebomolewa, Mheshimiwa."

Akaeleza yote. Mheshimiwa alisikiliza mpaka mwisho, na inasemekana alitokwa na chozi, ingawa katika nchi ile kila chozi la kiongozi huripotiwa kama maono.

Waziri wa kule hawezi kwenda mahali kimyakimya hata akitaka. Alipotoka kwenda kwa mama lishe walimfuata watu wale kumi na tisa, redio, na Kandoro aliyekuwa mbele akifukuza kuku. Walimkuta Bi Zawena kwenye banda la baiskeli, amekaa juu ya sufuria aliyoipindua. Wasanii wa Kikundi cha Taifa walikuwa wamejaa pembeni, siku ya nne hawajala, wakifanya mazoezi bila kutaka.

"Mama yangu," Mheshimiwa alianza, "serikali yako sikivu imesikia."

"Imesikia nini, Mheshimiwa?"

Tumbo la Mheshimiwa lilijibu kwa niaba yake.

"Nimeona," alisema haraka, "kwamba kulikuwa na watendaji wachache waliovuka mipaka." Kandoro alitazama nyuma kumtafuta mtendaji huyo. "Washa moto, mama. Pika. Leo mimi ni mgeni wako."

"Moto nitauwasha wapi? Sina mahali."

"Mahali pako pale pale."

"Pana X."

"Nimeifuta."

"Kwa mdomo," alisema Bi Zawena. "Hata mimi nilisema neno kwa mdomo, Mheshimiwa. Ukaona lilivyonisaidia."

Mheshimiwa aliomba karatasi. Aliandika kibali juu ya mgongo wa Kandoro, kwamba kibanda cha Bi Zawena kijengwe pale pale, kwa mabati ya Wizara, na kisiguswe na afisa yeyote kwa sababu ya moshi, harufu wala muziki. Akapiga mhuri kwa nguvu, Kandoro akaguna. Bi Zawena alikisoma chote, mpaka tarehe, akakikunja, akakitia kifuani ambako hakuna ngazi ya serikali inayofika.

Kisha akawasha moto pale pale mbele ya banda, akapika. Na alipika kwa haki, sitaki mtu amsingizie. Maharage yalichemka kwa nazi mbili, chapati zikachambuka, na chini ya sufuria ya wali ukoko ukajikamata, mwekundu wa kahawia, mkavu, unalia ukiguswa. Mheshimiwa alikaa kwenye benchi lililobaki, tai ameitupia begani. Mtangazaji wa redio alikuwa akisimulia harufu. Bi Zawena akapakua sahani ya kwanza, imejaa, ukoko umesimama juu kama paa la nyumba, na akainyoosha kwa mikono miwili.

Mheshimiwa akanyoosha yake.

"Simama!" Kandoro aliruka katikati. Hajawahi kukosea kazini huyu. "Mheshimiwa hawezi kula kisichoonjwa! Ni kosa la jinai. Na tuko hewani."

Mheshimiwa alimtazama Kandoro kwa macho ambayo siku nyingine yangemhamishia kisiwani. Akatazama redio. Akarudisha mikono polepole.

"Waonjaji wako wapi?"

"Wako hotelini, Mheshimiwa. Kushuka ngazi hawawezi tena."

Bi Zawena alikuwa bado ameshika sahani. Alitazama watu wake waliojipanga kwenye ukuta wa banda, pamoja na Hiza na wapishi waliokuja wakifuata harufu.

"Sheria ni msumeno," alisema. "Lakini wananchi wazalendo wapo. Mzee Mtulia, wewe huishi hapa?"

"Tangu kabla ya uhuru."

"Basi wewe ni Kata. Onja chumvi."

Mzee Mtulia alionja chumvi chapati nzima, akatikisa kichwa, akaonja ya pili. Makuli wakawa Wilaya, wote kumi na wanane, maana wilaya ni kubwa. Washonaji na wapishi walikuwa Mkoa. Walibishana sana kama maharage ni maharage, wakarudia kwa kina. Kila sahani ilipotoka sufuriani ilifuata ngazi. Mheshimiwa aliifuata kila moja kwa shingo, kama mtu anayetazama mpira wa timu yake inayofungwa. Tumbo lake lilipiga, lakini ya wananchi, moja baada ya jingine, yalikuwa yakinyamaza, mpaka likabaki linapiga peke yake.

Mwisho ukoko ulifika kwa Hiza mhudumu, aliyeteuliwa Taifa. Aliuvunja vipande. Ulilia kwa sauti iliyosikika redioni. Aliutafuna wote, akameza, akapangusa midomo kwa mkono wa shati lenye doa.

"Kwa maslahi ya taifa," alisema.

Kisha akachukua sinia, akalipangusa kingo, akainama kiuno kama alivyofundishwa, na kulitua mbele ya Mheshimiwa. Katikati kulikuwa na alama ya mafuta, na juu yake jani la giligilani alilotoka nalo hotelini.

Bi Zawena alimpokonya mtangazaji kipaza sauti, taratibu, kwa heshima zote. Akainama kama mtu anayemhudumia mkwe.

"Mheshimiwa wangu, hebu waambie wananchi. Umeshiba?"

Mheshimiwa Dakta Mhandisi Ngongoseke alilitazama jani. Alitazama watu wakijilamba vidole. Alitazama redio, na nchi nzima nyuma yake, kila nyumba iliyowahi kukaribisha karani. Naye alikuwa na mama, na mama yake alikuwa na vidole vya kufinya paja.

"Nimeshiba," alisema. "Nashukuru."

Tumbo lake likapaza sauti kuliko lilivyowahi kupaza Bungeni.

"Sikilizeni hiyo," alisema Mzee Mtulia, akijisugua meno kwa kijiti. "Huyo ndiye kiongozi wa kikundi. Sisi tulikuwa tunamshikia nafasi tu."

Mheshimiwa aligeuka nusu, akaichungulia sufuria. Ndani kulikuwa na maharage bado. Bi Zawena aliiona shingo ile, akafunika sufuria.

"Aliyeshiba haongezwi," alisema, akaondoa sinia.

Na Kandoro, mtu wa kazi, akafungua karatasi yake, akaweka tiki.